Survei ya mambo ya kale kabla ya kujenga gati, sio ulaji ila mmechelewa kuiita

Mkuu umeweka picha ya eneo lenu ukauliza hii survei ya mambo ya kale mliyoambiwa mfanye kabla ya kujenga gati na vibanda vya wageni ni sheria kweli au watu wanatafuta posho. Nimebeba chekeche na kuvuta kebo kwenye hizi kazi miaka kadhaa, nchi kavu na baharini, zaidi mwambao wa Tanga, ngoja nikwambie niliyoyaona.

Sheria ipo. Ya Mambo ya Kale ni ya 1964, na jengo au kifaa cha kabla ya 1863 kinalindwa hata kama kiko kwenye shamba ulilonunua kwa hela yako na hati unayo. Ile ya mazingira ya 2004 ndo inadai EIA, yaani tathmini ya athari kwa mazingira, na haya mambo yanaingia humo humo. Kama mkopo unatoka nje ndo kabisa, IFC, lile tawi la Benki ya Dunia linalokopesha kampuni binafsi, wana kiwango chao namba 8 cha urithi wa utamaduni na hawakusamehi.

Nchi kavu kazi haina maajabu, mnajipanga mstari, mtu na mwenzie mita kumi au ishirini kutegemea na kichaka, mnatembea macho chini mnatafuta vigae, shanga, mavi ya chuma (makapi ya kuyeyushia chuma), vipande vya kauri, udongo mweusi kuliko wa jirani yake. Mibuyu mikubwa iliyokaa kikundi karibu na bahari mimi huwa naanzia hapo, mara nyingi hapakosi mahame au makaburi. Halafu vishimo vya majaribio, udongo wote unachekechwa, kila kitu kinaandikwa kina chake. Jua, siafu, upupu, basi.

Ila kabla ya hayo mnakaa na wazee. Kuna saiti tuliitwa katapila limeshalala na nusu ya eneo, manake ripoti ya kwanza ilisema hamna kitu, kumbe walitembea siku moja tu nyasi zikiwa kifuani, sasa hapo unaona nini? Bibi mmoja akatushika mkono mpaka kwenye kifusi, akasema "wanangu, hapa tulikuwa tunakuja kufukiza ubani, haya mawe mliyosukuma ndo yalikuwa ya vichwani mwa makaburi." Hatukuwa na la kujibu. Kazi ikasimama wiki saba, mashine za kukodi zimelala zinalipiwa, na bosi yule yule ndo alikuwa analia bei ya survei ni kubwa.

Baharini ndo kwenye utamu. Boti inavuta sona na magnetometa, inaenda inarudi kama mtu analima matuta, sona inakupa sura ya chini kwa mwangwi, magnetometa inanusa chuma. Subirini matlai, bahari ikiwa imetulia, kusi likivuma mtachoma mafuta bure. Kupiga mbizi ni maji mafu, mkondo umepoa, kutembea ufuo uliokupwa ni bamvua, maji yanapotoka mbali. Wageni hili wanajifunza kwa hasara.

Na msidanganyike na mashine. Mtepe, jahazi la zamani la mwambao, ulishonwa kwa kamba za nazi, hauna msumari, magnetometa inapita juu yake kimya kabisa, labda uone rundo la mawe ya farumi, yale ya kuipa jahazi uzito, kwenye sona na ujue unaangalia nini. Sehemu moja mzee mmoja mvuvi wa jarife, wavu wa papa, alitwambia nyavu zinanasa pale wanapopaita mwamba, na mistari yetu iliyochorwa ofisini ilikuwa inaishia kabla ya hapo. Tukazama, tishari la chuma, chombo cha kubebea shehena, limelala ubavu. Kwa umri sheria ya 1964 haikulihusu, lakini mtambo wa kuchimba kina ungelivaa mzima mzima. Njia ya meli ikasogezwa, ikapita kando.

Mkikuta meli ya kale hasa usifikirie kuipandisha. Santo António de Tanna ilizama 1697 mbele ya Fort Jesus Mombasa, wapiga mbizi wakaichimbua 1977 mpaka 1980, vyombo vikapanda vingi lakini gamba lenyewe likaachwa chini, manake mbao iliyoloa karne nzima ukiianika tu inapasuka. Kwahiyo kinachohama ni gati, na gati linahama kirahisi likiwa bado kwenye karatasi. Wewe unasema mchoro umeshapita na mkandarasi anaingia mwezi ujao, hapo ndo ishu yako ilipo, sio posho.

Huyo mtaalamu aliyewapa bei muulize leseni ya kuchimba kutoka Idara ya Mambo ya Kale, hata vishimo vya majaribio ni kuchimba. Angalia kaweka siku ngapi, na kama wavuvi hawamo kwenye bajeti mrudishie karatasi yake.

Na ile picha uliyoweka, nyuma ya kontena naona mibuyu mitatu. Wambie vijana wasisawazishe hapo kwanza.