Sura usiyotaka ionekane, usiipige kabisa

Mkuu, umeniuliza ununue kamera gani na fulana gani ya kuzuia risasi; hayo yaache kwanza. Umeandika kwamba unakwenda kambi ya Musenyi, Burundi, kurekodi akina mama wa Kivu, mashariki mwa Kongo, waliobakwa vitani, na kwamba "sura nitazificha nikirudi kwenye kompyuta". Hapo ndipo nilipoacha kula.

Sura isiingie kwenye kamera hata kidogo!

Mwaka 2023 nilikuwa kambi ya Kanyaruchinya, kaskazini mwa Goma, hukohuko Kivu. Watu wa Rutshuru waliokimbia waasi wa M23 walikuwa wamejazana pale juu ya mawe ya volkano. Mama mmoja akanieleza yaliyomkuta alipokwenda kutafuta kuni, nami nikampiga picha ameketi mlangoni pa kibanda chake. Mhariri wangu, bingwa wa kufundisha maadili kwa slaidi za rangi, akasema weka ukungu usoni, inatosha, wote wanafanya hivyo. Nikaweka. Ukungu wa kiwango cha juu, hata mama yangu mzazi nisingemtambua.

Kambini walimtambua siku hiyohiyo. Kitenge cha njano chenye majogoo ndicho alichokuwa akivaa kila akienda kuteka maji. Turubai nyuma yake lilikuwa na kiraka cha gunia la unga, na jirani gani hakijui kiraka hicho? Sauti nayo tuliiacha ilivyo, eti "ina hisia". Basi hisia hizo zikasafiri kwenye makundi ya WhatsApp hadi kwa mumewe. Akaondoka na mtoto mkubwa. Mama akahamia kambi nyingine, akaanza upya kuhangaikia kadi ya chakula. Mhariri? Kapanda cheo. Siku hizi anaendesha semina, nasikia maandazi yake si haba.

Na idhini nilikuwa nayo, usinitajie idhini. Mama alikubali kusikika redioni. Nani alimwambia kwamba redio ina ukurasa wa Facebook na kwamba majirani zake wana simu? Wewe mwonyeshe kwenye simu yako kazi itakapotokea, kisha mwulize tena kesho yake, akiwa ametulia.

Piga mikono. Piga sufuria, kivuli, ndoo. Mgongo sawa, ila ajifunike shuka la kuazima. Mlango na namba ya kibanda hapana. Mtoto naye hapana, maana mama hutambulika kwa mwanawe. Maneno yake ayasome mtu mwingine. Kwenye simu yako, zima ile huduma ya mahali (location), kwa sababu picha hubeba pale ilipopigwa, na ukiituma WhatsApp kama dokumenti inakwenda nayo vilevile.

Halafu soma Murad Code, miongozo ya kuwahoji walionusurika ukatili wa kingono vitani, iliyotoka 2022 kwa jina la Nadia Murad, mwanamke wa Kiyazidi wa Iraki aliyeyapitia hayo mwenyewe, yule aliyepewa Nobel ya Amani 2018 pamoja na Dkt. Mukwege wa Bukavu, daktari anayewatibu akina mama waliobakwa. Inakutaka ujiulize kwanza kama mahojiano yenyewe yanahitajika, au huyu mama ameshasimulia kwa watu kadhaa na maelezo yake yapo tayari. Mimi ningeulizwa hilo, nisingefika hata mlangoni pake.

Fulana ya kuzuia risasi ya nini, mkuu? Musenyi ni kusini-mashariki mwa Burundi, mapigano yako ng'ambo ya mpaka. Hela hiyo iweke nauli ya kurudi kambini mara ya pili, ukamsomee mama alichosema kabla hakijatoka. Akikwambia futa, futa pale pale akiona.