Maswali ya wasomaji: meno ya watoto

Mwanangu wa miezi 5 anaharisha na ana homa. Bibi yake amemtazama kinywani akasema ni meno ya plastiki, yatolewe haraka kabla hayajamuua. Nifanyeje? – Mama, Singida

Mama, usimpeleke kwa mtoaji. Vile vivimbe vyeupe kwenye ufizi ni meno ya chonge ya utoto ambayo bado hayajatoka, na kila mtoto anayo. Yakichokonolewa kwa spoku, msumari au wembe, kinachotoka ni jino changa lisilokomaa, laini na jeupe, ndipo watu huamini kweli lilikuwa la plastiki. Kuharisha kwa watoto mara nyingi huisha kwenyewe baada ya siku chache, na sifa zote huenda kwa mtoaji.

Umri nao unachanganya. Miezi 5 na 6 ni wakati mtoto anapookota kila kitu na kukitia mdomoni, wengine wameshaanzishiwa uji, na kinga aliyozaliwa nayo kutoka kwa mama imepungua. Homa na kuharisha huja wakati uleule ufizi unapovimba.

Jeraha hilo huleta damu isiyokatika, pepopunda, sumu kwenye damu, hata VVU kifaa kikitumiwa kwa watoto wengi. Tena chini ya chonge ya utoto kuna chonge ya ukubwani, ambayo huanza kujijenga karibu na miezi hiyohiyo 4 hadi 5. Ikiguswa, mtoto atakuja kuota chonge yenye kasoro, au asiote kabisa.

Mpeleke kituo cha afya leo, apimwe malaria na atafutiwe chanzo cha homa. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi ya kawaida. ORS (chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini) changanya kwa kipimo cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti, mpe kidogo kidogo kwa kijiko. Kwa umri wake zinki ni miligramu 10 kwa siku, yaani nusu ya kidonge cha miligramu 20, kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekoma mapema. Akishindwa kunyonya, macho yakizama, akipata degedege au choo kikiwa na damu, usingoje hata asubuhi. Na bibi nenda naye kliniki. Anampenda mjukuu wake, basi naye aelezwe na mhudumu.

Meno ya mbele ya mwanangu wa miaka 9 yametoka na madoa ya kahawia ingawa anapiga mswaki. Mdogo wake ana mwaka 1. Nichemshe maji? – Baba, Arumeru

Madoa ya namna hiyo mara nyingi huletwa na floridi, madini yaliyo kwenye maji, ikizidi. Kuchemsha kunazidisha tatizo: maji hupaa kama mvuke, floridi inabaki sufuriani. Madoa hayo yaliingia jino likiwa bado ndani ya taya, kwa hiyo mswaki hauwezi kuyatoa, na kusugua kwa mkaa kutalila ganda la jino bure. Daktari wa meno anaweza kuyapunguza au kuyafunika kwa kijazio cha rangi ya jino.

Mdogo bado ana nafasi. Meno ya mbele huathirika zaidi kabla ya miaka 3, mengine hadi kama miaka 8. Ulizia mamlaka ya maji kipimo cha chanzo chenu. Kikomo ni miligramu 1.5 kwa lita. Kikizidi, mtoto anywe na kupikiwa uji kwa maji ya mvua yaliyovunwa vizuri, au yaliyopita kwenye chujio la mkaa wa mifupa. Mkaa huo hushiba floridi na lazima ubadilishwe, la sivyo unachuja kwa jina tu. Jingine linalosahaulika ni magadi, nayo yana floridi. Makande ya mtoto loweka usiku kucha, yataiva bila magadi.

Dawa ya meno usiiache: kiasi cha punje ya mchele hadi miaka 3, kisha punje ya njegere, na ateme.

Binti yangu wa miaka 6 ana gego lililotoboka. Jirani anasema ling'olewe, litaota jingine. – Mama, Mombasa

Hesabu kwanza. Anzia jino la mbele katikati ukielekea nyuma. La 6 si la utoto: ni gego la ukubwani, huota karibu na miaka 6 nyuma ya mengine bila jino lolote kung'oka, ndiyo maana wazazi hawalitambui. Liking'olewa hilo, hakuna jingine. Lizibwe.

La 4 au la 5 ni la utoto, lakini hukaa hadi miaka 10 au 12. Likiondoka mapema, jirani zake huliegemea pengo na jino la ukubwani lililo chini yake hukosa njia. Nalo huzibwa, likishatunga usaha huenda likang'olewa, basi uliza kuhusu kiwaya cha kushikilia nafasi.

Jino likidondoka mtoto akianguka, lirudishwe? – Mwalimu, Morogoro

La utoto, hapana. Utaumiza lililo chini yake. La ukubwani, ndiyo. Lishike upande wa kutafunia, si mzizi. Lisuuze sekunde chache bila kusugua, lirudishe tunduni, mtoto aume kitambaa safi. Ikishindikana, liweke kwenye maziwa baridi. Afike kliniki ndani ya dakika 30, isizidi saa 1.