Amplifaya Iacheni Moshi

Wiki iliyopita vijana watatu wa redio ya ridhaa, wale wanaozungumza hewani na watu wa dunia nzima kwa kujifurahisha tu, walinipitia hapa Moshi wakitokea Arusha. Wanataka kwenda kisiwa cha Mafia mwezi wa saba kwenye mashindano ya visiwa, na swali lao la kwanza lilikuwa: "Kaka, tubebe amplifaya ya wati ngapi?" Amplifaya ni mashine ya kuongeza nguvu ya redio inaporusha mawimbi. Nikacheka. Hilo ndilo lilikuwa swali letu pia, na jibu tulilojipa lilitugharimu jenereta, mgongo wa mwenzetu mmoja na saa tatu za mashindano.

Kwa asiyeyajua: mpango wa IOTA (Islands on the Air, yaani visiwa hewani) ulianzishwa mwaka 1964 na Mwingereza Geoff Watts. Visiwa vya dunia vimepangwa kwa makundi, kila kundi na namba yake, na vya Afrika vinaanza na herufi AF. Mashindano yenyewe yanaandaliwa na RSGB, chama cha redio cha Uingereza, wikiendi kamili ya mwisho ya Julai, Jumamosi saa tisa alasiri kwa saa zetu hadi Jumapili saa hiyo hiyo. Unampa mwenzako ripoti ya usikivu, namba ya mfululizo na namba ya kisiwa. Anayekupata anavuna pointi nyingi kuliko akimpata mtu wa bara, ndiyo maana ukiwa kisiwani unatafutwa kama maharusi. Na kisiwa lazima kiwe cha maji chumvi. Ukerewe, pamoja na ukubwa wake wote, haihesabiwi.

Sasa hiyo amplifaya. Moshi hadi Dar ni basi. Mbagala hadi Nyamisati ni gari jingine, unaiacha Barabara ya Kilwa pale Bungu na kukata kuelekea baharini. Halafu boti hadi Kilindoni, na Julai upepo wa kusi umekolea, bahari haina adabu. Halafu tena gari hadi Bweni, kaskazini kabisa. Kila mahali ni kushusha na kupakia, na kila anayekushikia mzigo anataka chake. Amplifaya haiji peke yake: inakuja na jenereta, jenereta inakuja na madumu ya petroli, na petroli kwenye boti ya abiria ni ugomvi ambao sitaki kuusimulia.

Na faida yake? Kutoka wati 100 hadi 500 unaongeza desibeli 7 tu, kipimo cha nguvu ya mawimbi. Kwenye mita ya anayekusikiliza hiyo ni S moja na chembe, yaani hatua moja tu ya mita na kidogo. Maji ya bahari, kwa upande wake, yanapitisha umeme mamia ya mara kuliko udongo wa kawaida. Ukisimamisha antena ya wima ukingoni mwa maji, mawimbi yanaondoka chini chini, karibu na upeo wa macho, na pembe hiyo ndiyo inayofika Ulaya na Japani kwa miruko michache kati ya anga na dunia. Bahari inakupa bure kile ulichotaka kukibeba mgongoni. Masharti yake ni kwamba maji yawe upande unaotaka kupiga. Ulaya kutoka kwetu iko kaskazini, ikiegemea kidogo magharibi, ndiyo maana tulichagua ncha ya Bweni, kuelekea mnara wa taa wa Ras Mkumbi. Ukilala kwenye hoteli nzuri ya upande wa mashariki utaogelea vizuri, ila mashindano usahau.

Antena yenyewe ni kitu cha kuchekesha kwa udogo. Bendi, yaani kundi la masafa, ya mita 20 inataka waya wa mita 5 uliosimama, mita 40 inataka wa mita 10. Sisi tunatumia mianzi ya Kibosho, kamba, na waya mbili za pembeni zilizonyanyuliwa hadi kimo cha kiuno.

Lakini ukingo wa maji ni upi? Hapo ndipo watu wa mlimani tunapoumbuka. Mwaka wa kwanza tulisimamisha kila kitu Jumamosi asubuhi, maji yamekupwa. Tukahesabu hatua kumi toka kwenye maji, tukapongezana. Mzee mmoja mvuvi alikuwa kivulini anashona nyavu, akatutazama kitambo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Leo mwezi una siku ngapi?"

Tukatazamana. Akasema mwenyewe, "Kumi na tano," akarudi kwenye nyavu zake. Sisi tukadhani ni mazungumzo tu ya mtu mzima.

Saa tisa tukaanza, masikio yamezibwa na hedifoni, Waitaliano wanamiminika. Kufika saa kumi SWR, kipimo cha nguvu inayokataliwa na antena na kurudi redioni, ikaanza kupanda: 1.3, 1.8, ikafika 3, redio ikajipunguzia nguvu yenyewe. Nikavua hedifoni nitoke nje. Mwanzi wa kwanza ulikuwa umesimama kwenye maji ya magotini, kiboksi cha kiungio kimezama, na kaa amejipandia kwenye waya wetu kama ndege kwenye laini ya TANESCO. Jenereta, tuliyoiweka mbali ili kelele yake isitusumbue, ilikuwa imezungukwa na maji. Ilikohoa mara mbili ikanyamaza, na haikuwaka tena hadi leo. Mwezi kumi na tano ni bamvua, maji yanapojaa kupita kiasi. Mzee alishatuambia, sisi ndio hatukuwa na masikio.

Hakutucheka. Alikuja kutusaidia kung'oa mianzi, akatuonyesha mstari wa mwani mkavu juu kabisa ya ufukwe: maji ya bamvua yanafika hapo. Tukasimamisha upya nyuma ya mstari ule. Tulirudi hewani kwa betri usiku umeshaingia, tukaukosa mchana wote uliobaki wa mita 15 na 10, bendi za mchana. Kwa hiyo kabla ya kupanga lolote, angalieni mwezi utakuwa siku ya ngapi wikiendi hiyo, halafu muulizeni mvuvi.

Mwaka wa pili tulikwenda na redio mbili za wati 100, betri mbili za lithiamu za ampea-saa 100 na paneli za sola. Redio ya namna hiyo inavuta kama ampea 20 unaposema, na kidogo sana unaposikiliza. Mzigo wote ulienea kwenye mabegi manne. Tulipata watu zaidi ya mara mbili ya mwaka wa kwanza.

Redio mbili kwenye banda moja zinataka vichujio vya bendi, vya kuzuia moja isiingilie nyingine, msiache. Mita 40 ni megahezi saba, na saba mara mbili ni 14 (mita 20), mara tatu ni 21 (mita 15), mara nne ni 28 (mita 10): anayepiga kwenye mita 40 anaweza kumziba masikio mwenzake kwenye bendi zote hizo. Hili tuliligundua kihambani Kibosho, katikati ya migomba, wiki tatu kabla ya safari, tulipofunga kila kitu na kukesha usiku mmoja kama vile tuko kisiwani. Fanyeni hivyo. Kebo iliyochomelewa vibaya ukiigundua Moshi, unashuka Double Road kwa fundi. Ukiigundua Bweni, umeumia.

Leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, bebeni nakala kadhaa, na siku ya kwanza kabla ya kufungua begi nendeni kwa mwenyekiti wa kijiji. Watu wageni wenye nyaya ufukweni, wanaosema "Alfa Bravo" usiku wa manane, hata mimi ningewashuku. Mwenyekiti wetu alivaa hedifoni dakika tano, akasikia mtu wa Japani, na tangu hapo tukawa wageni wake.

Kwenye maikrofoni kazi ni uvumilivu tu: ukisikia herufi mbili za jina la redio la mtu, rudia hizo hizo mbili na usimpokee mwingine mpaka mwenye nazo amalize, la sivyo wote watapayuka. Badilishaneni kila saa mbili.

Na saa ya kompyuta iwekeni UTC, saa ya Greenwich inayotumika kwenye mashindano. Mwaka wa kwanza kompyuta ilipozimika kwa muda, mdogo wetu aliandika kwenye daftari "saa 1:10", akimaanisha saa moja jioni. Kwa UTC hiyo ni 16:10. Tulikaa Jumatatu nzima tukibishana ni saa ipi, ya Kiswahili, ya kizungu au ya Greenwich.

Vijana wakaniuliza kama amplifaya bado ninayo, labda niwaazime. Ipo stoo. Mama ameiwekea debe la mahindi juu, na anasema ndiyo meza imara kuliko zote nyumbani.