Je, Viumbe Wenye Akili Angani Wataitikisa Imani?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, katika jumuiya yetu ndogo ndogo kijana mmoja alidai kwamba siku wanasayansi watakapothibitisha kuwapo kwa viumbe wenye akili katika sayari nyingine, Biblia na Kurani zitakuwa zimekwisha kazi. Wazee walimkemea, lakini hakuna aliyemjibu. Je, ni kweli? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, kumkemea hakukufaa, kwa kuwa swali lake liliulizwa na waumini kabla hata darubini haijabuniwa. Mwaka 1277 Askofu wa Paris, Étienne Tempier, alizipiga marufuku kauli 219 za wasomi, mojawapo ikiwa ile iliyodai kwamba Mungu hawezi kuumba malimwengu mengi, yaani dunia nyingine mbali na hii yetu. Askofu hakusema kwamba malimwengu hayo yapo. Alichokataa ni mwanadamu kumwekea Muumba mpaka. Mwaka 1440 Nicholas wa Cusa, mwanateolojia Mjerumani, akaandika kwamba nyota nyingine nazo zina wakazi wake, na miaka minane baadaye akafanywa kardinali.

Kwa upande wa Kurani, aya ya 29 ya Sura ya 42 inazitaja mbingu na ardhi, kisha viumbe waliotawanywa humo, na neno la Kiarabu lililotumika hapo, «fihima», ni la vitu viwili, yaani mbinguni na vilevile ardhini. Hata hivyo, wako wafasiri waliowahesabu malaika miongoni mwa viumbe hao, kwa hiyo mtu asiharakishe kuisoma aya hiyo kama tangazo la wakazi wa Mirihi.

Ugumu hasa umo katika mafundisho ya Kikristo, na hauhusu uumbaji bali ukombozi. Ikiwa Kristo alijitoa mara moja tu, msalaba uliosimikwa nje ya Yerusalemu unawahusu vipi viumbe ambao hawakuzaliwa na Adamu? Katika karne ya 16 Philipp Melanchthon, mwenzake Martin Luther katika mageuzi ya Kiprotestanti, aliitumia hoja hiyo hiyo kuyakanusha malimwengu mengine. Mwaka 2008 Padre José Gabriel Funes, Mjesuti aliyekuwa mkurugenzi wa kituo cha Vatikani cha kuchunguza nyota, alielekea kwingine: aliukumbusha mfano wa kondoo 100, akasema huenda wanadamu ndio yule mmoja aliyepotea, na wengine hawakupata kuanguka dhambini. Ni dhana tu, na mwenyewe hakuitoa kama fundisho la Kanisa, lakini naiona ya unyenyekevu kuliko kukana kabisa. Isitoshe, ingawa sayari zaidi ya 5,000 zimegunduliwa nje ya mfumo wa jua letu, hakuna hata moja iliyotupa ishara ya kiumbe mwenye akili.

Mtakapokutana tena, mwombeni kijana huyo awasomee Waebrania 7:27, panapotajwa dhabihu «kwa ajili ya dhambi za hao watu», kisha wazee wamweleze «hao watu» ni akina nani.