Kusali ukiwa msibani: anza na Zaburi 13, usiruke malalamiko

Mtoa mada, pole sana kwa kufiwa na mama. Umeandika kwamba unasali kila usiku lakini unaamka na uzito uleule, na kiongozi wako wa maombi anasema imani yako ni ndogo. Kwa wafiwa tunaokaa nao kanisani, mara nyingi tatizo haliko hapo. Mtu analazimisha shukrani na sifa huku moyo umejaa malalamiko, na malalamiko yenyewe hayasemwi kabisa.

Fungua Zaburi 13. Ina aya 6 tu. Aya ya 1 na 2 ni lalamiko tupu, "hata lini" imerudiwa mara nne. Aya ya 3 na 4 ni ombi. Tumaini linakuja mwishoni, aya ya 5 na 6. Wengi wanakimbilia aya ya 5, ndiyo maana sala inakuwa kavu.

Tenga dakika 15 au 20 mchana au jioni mapema, ukiwa umekaa. Usingoje usiku wa manane kitandani, mwili umechoka na sala inageuka kuwa mawazo. Soma aya mbili za kwanza kwa sauti, kisha andika daftarini "hata lini" zako nne, kila moja na jambo lake: deni la hospitali, ndugu ambaye hakuja kuzika, simu ya Jumapili ambayo hailii tena. Kusema "Bwana, naumia" na kuishia hapo hakutoshi. Zisome zote kwa sauti mbele za Mungu. Machozi yakija yaache; Yesu alilia njiani kwenda kaburini kwa Lazaro, ilhali alishawaambia wanafunzi anakwenda kumwamsha. Halafu omba kitu kimoja kidogo cha siku hiyo, kama usingizi au nguvu za kufungua kabati la nguo za mama. Aya ya 5 isome ilivyo hata kama huisikii moyoni. Ikikataa kutoka mdomoni, funga daftari. Zaburi 88 inaishia gizani kabisa na bado imo kwenye Biblia.

Suala la mfungo: kama tayari huli vizuri, usifunge kwa sasa, hata ukiambiwa ndiyo dawa. Soma 1 Wafalme 19. Eliya aliomba afe, na malaika hakumpa mahubiri. Alimpa mkate na maji, akalala, akaamshwa akala tena, ndipo safari ya kwenda mlima Horebu ikaanza.

Wa kusali nao wachague mmoja au wawili. Ukilirusha lalamiko lako kwenye kundi la WhatsApp kama ombi la maombezi asubuhi, jioni mtaa mzima unajua mambo ya familia yenu. Na waambie unachotaka: waje wakae, wasome Zaburi pamoja nawe, basi. Rafiki za Ayubu walikaa chini naye siku saba kimya. Shida ilianza walipofungua midomo. Akitokea wa kukutupia 1 Wathesalonike 4:13 kwamba Mkristo hahuzuniki, mwombe aimalizie. Paulo anakataza huzuni ya wasio na matumaini, hakukataza huzuni.

Huyo ndugu asiyekuja kuzika, kumsamehe kutakuja. Usijilazimishe wiki hii. Kwa sasa mtaje tu kwenye lalamiko.

Kama zaidi ya wiki mbili huli, hulali na kazi haiendi, nenda hospitali ukaombe kuonana na mtaalamu wa afya ya akili, na sala uendelee nayo. Likikujia wazo la kujidhuru, usisubiri wiki mbili: mwambie mtu leo hii, usibaki peke yako, akupeleke hospitali. Ukiandikiwa dawa, usiziache kwa sababu mtu amekuwekea mikono. Wa kuzipunguza ni daktari.