Mistari miwili, rangi moja

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mtunza hazina wa chama kimoja cha akiba na mikopo mkoani Morogoro. Katika mkutano mkuu nilionyesha kwa projekta grafu yenye mstari wa kijani wa marejesho na mwekundu wa madeni yaliyochelewa. Mjumbe mmoja wa bodi, mzee wa heshima, akauliza kwa nini mistari yote miwili ina rangi ya udongo, na ukumbi ukacheka. Baadaye aliniambia faraghani kwamba yuko hivyo tangu utotoni. Mwakani nifanyeje, nami si mchoraji?

JIBU: Ndugu mtunza hazina, mzee huyo anaona vizuri, ila chembe za jicho zinazopambanua nyekundu na kijani hazifanyi kazi kama zako. Hali hiyo mwana wa kiume huirithi kwa mama yake, na ndiyo maana wanaume huipata zaidi: kwa watu wenye asili ya Ulaya ni takriban mmoja kati ya 12, huku wanawake wakiwa mmoja kati ya 200. Kwa Waafrika kiwango ni cha chini, lakini mkutano mkuu una watu wengi, na wengi wao hawatasimama kuuliza.

Rangi usizitupe, zinyang'anye tu kazi ya kusema peke yake. Andika neno «Marejesho» penye ncha ya mstari wenyewe, na «Madeni» penye ncha ya mwingine, kisha ufute kile kisanduku cha maelezo pembeni ambacho hata sisi tunaoona rangi zote hutuchosha kukirejearejea. Mstari mmoja uwe mzima na mnene, wa pili uwe wa vipandevipande. Kwa rangi, chagua buluu iliyokoza na chungwa, ambazo wengi wenye hali hiyo huzitofautisha bila shida. Katika jedwali la wakopaji, usitosheke kupaka kisanduku wekundu, andika «amechelewa». Dereva asiyepambanua rangi husaidiwa na taa za barabarani kwa sababu nyekundu hukaa juu, lakini jedwali lako halina juu wala chini ya kumsaidia.

Ukishika kile kitochi cha kuelekezea chenye nukta nyekundu, kumbuka kwamba kwa baadhi ya watu nyekundu hufifia mno, na nukta ile huenda wasiione kabisa, fimbo inatosha. Mdomo nao usiseme «ule mwekundu», bali «huu wa vipande, unaopanda kuanzia Machi».

Kabla ya mkutano, peleka grafu steshenari ukatoe fotokopi nyeusi na nyeupe, na mstari usiotambulika hapo ubadilishe. Kisha mpelekee mzee nakala ya rangi nyumbani, mkiwa wawili tu, umwombe akusomee deni la Juni.