Kabla Hujaifunika Ndege Yako ya Balsa

Ndege yangu ya kwanza ya kuchezea ya balsa, ule mti mwepesi sana, ilikuwa ya mpira: vijiti vyembamba, karatasi ya tishu juu yake, na mpira mrefu tumboni unaousokota kwa propela. Ikisharuka, kazi yako ni kuikimbilia popote upepo utakapoitupa. Nilitaka niielekeze mwenyewe, nikaamua kuitia mota na rimoti.

Nilianza kwa kuijenga yote, nikaifunika, ndipo nikatafuta pa kuweka vifaa. Nafasi niliyoiona ilikuwa nyuma, nikaweka servo zote mbili, yaani vimota vidogo vinavyosogeza usukani, karibu na mkia. Nikaenda nayo ufukweni Mambrui, kaskazini ya Malindi, maji yamekupwa. Iliinua pua, ikasimama hewani, ikaanguka kwa mkia. Mjomba wangu, fundi wa majahazi, aliigeuza mkononi kisha akasema, "Tezi imelemewa, mwanangu. Farumi umeitia upande gani?"

Kwa mabaharia tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na farumi ni uzito wa kukisawazisha. Alikuwa sahihi kabisa. Mkia uko mbali na bawa kuliko pua, kwa hiyo gramu moja nyuma hukudai kama gramu tatu mbele ili ndege ilingane, na ndege ndogo haina gramu za kupoteza. Yangu ina mabawa ya sentimita 70. Mota, kidhibiti mwendo, risiva inayopokea amri za rimoti, servo mbili za gramu 4 na betri ndogo ya seli mbili, vyote pamoja havikuzidi gramu 55. Mpira na kulabu zake vimetoka, na hilo husaidia.

Sasa hufanya hivi. Mbavu za bawa zikishagundishwa, ndege haijafunikwa, nafunga kila kifaa kwa selotepu mahali ninapokusudia kikae. Betri hutangulia mbele, servo chini ya bawa, na waya mwembamba ndio unaofika mkiani. Kisha nainyanyua ndege kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa. Bawa langu lina upana wa sentimita 10 kutoka mbele hadi nyuma, nami nashika sentimita 3 kutoka ukingo wa mbele. Pua ikiinama kidogo, ni vizuri. Mkia ukishuka, sogeza betri kwanza kabla hujafikiria kuongeza uzito wa madini ya risasi. Chagua mbao pia: hata katika seti moja ya kujengea ndege vipande vya balsa hutofautiana uzito, basi vyepesi vipeleke mkiani.

Mkia wa seti hizi huwa kipande kimoja. Kata theluthi ya nyuma, uifunge kwa bawaba za plastiki nyembamba, isogee milimita 8 tu juu na chini. Mpira ulivuta kutoka pua hadi mkia, lakini mota huvuta pua peke yake, hivyo weka plaiwudi ya milimita 1.5 mbele, na mota uielekeze digrii 2 au 3 chini na kulia. Kwa kuwa utageuza kwa usukani wa mkia tu, inua kila ncha ya bawa sentimita 4, la sivyo ndege haitalala upande kugeuka.

Tishu hulegea kwa unyevu wa pwani. Mimi nimehamia plastiki nyepesi ya kupigwa pasi na sijutii.

Usirushe karibu na uwanja wa ndege wa Malindi, na ulizia masharti ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, kabla hujatoka nyumbani. Kusi, upepo wa kusini, ikishika, ndege ya gramu 120 haiwezi kurudi dhidi yake. Ngojea maleleji, kipindi cha utulivu kati ya kusi na kaskazi, au utoke alfajiri bahari ingali shwari. Kwanza itupe taratibu bila mota, mchanga laini ukiwa mbele yako. Ikiteleza moja kwa moja bila kuinua pua, rudia mara tatu, ndipo uwashe mota.

Ya pili niliirusha hapo hapo Mambrui, mjomba amesimama nyuma yangu. Ilipogeuka upande wa bahari ikarudi kwetu, alisema neno moja tu: "Omo."